Ufukwe Uliofagiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa chumba ambacho tayari kilikuwa na wenyewe wawili. Nilikuwa mkufunzi msaidizi, ngazi ya chini kabisa ya walimu wa chuo kikuu, yule anayesahihisha mitihani ya wanafunzi wa sheria huku naye bado anasoma. Mkuu wa Idara, profesa mfupi aliyetembea na mwavuli hata jua likiwaka, aliniuliza, "Kwenu wapi?"

"Mbinga, Profesa. Maguu."

"Basi acha kuninukulia majaji wa Uingereza. Andika kuhusu ardhi ya kwenu."

Nilinuna. Nilikuwa nimeazima tai kwa ajili ya siku ile, na nilitaka kuandika juu ya mikataba ya makampuni kama wenzangu. Miaka ile ya soko huria kila mtu alizungumzia wawekezaji. Lakini wawekezaji walihitaji mahali pa kujenga, na hapo Profesa alikuwa ameona mbali.

Nilipopanda kuwa mhadhiri nikasikia kwamba mwekezaji mmoja ameomba kipande cha ufukwe wa Ziwa Nyasa ajenge hoteli. Nikapitia nyumbani Maguu, nikateremka kutoka milimani na begi langu na kinasa sauti. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Ndimbo, mjane aliyesomesha watoto kwa kuanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe Mmatengo wa milimani umekuja kula samaki au kuandika?"

"Vyote, mama."

"Kula kwanza. Ukiandika na njaa utakosea."

Nilifika kipindi ambacho usipa walikuwa wameadimika, na ufukwe ulionekana mtupu. Hilo lilinitia hofu, kwa sababu ombi la mwekezaji lilisimama juu ya neno hilohilo: ardhi tupu, isiyotumiwa na mtu. Sheria ilitambua umiliki wa kimila, yaani haki ya mtu juu ya ardhi kwa desturi za kwao hata kama hana hati, lakini matumizi lazima yaonekane. Mama Ndimbo akipoteza mahali pa kuanika, riziki yake imekwisha. Alilijua hilo, na utani wake ulikatika kila tulipoitaja hoteli.

Asubuhi nilimkuta anafagia mchanga. Samaki hakuna, naye anafagia. Wanawake wengine walikuwa wameinama kwenye vipande vyao, kila mmoja akiishia pale alipoanzia mwenzake. Alipomaliza chake, akavuka akaanza kufagia cha pili.

"Hicho cha nani, mama?"

"Cha dada Hyera. Yuko Songea tangu mvua za mwaka jana, anamuuguza mwanawe. Akirudi atakikuta. Kisipofagiwa kimeachwa, yeyote anaweza kuingia."

Nilisimama pale na mswaki mkononi. Mimi nilikuwa nimepata makala yangu, na yeye alikuwa amepata utetezi wake.

Makala ya kisheria ina adabu zake. Kila unalodai, unaweka tanbihi chini ya ukurasa kuonyesha umelitoa wapi. Kabla jarida halijaichapa, inasomwa na mhakiki usiyemjua hata jina. Wangu aliandika kwamba mtu asiyekuwepo hawezi kumiliki ardhi kwa ufagio wa jirani. Nilivimba kwa hasira hadi Mkuu wa Idara akacheka.

"Mjibu," alisema. "Mtu amekusoma mpaka mwisho, unalalamika nini?"

Nikarudi ziwani, nikakusanya mahojiano zaidi, nikajibu, wakaichapa. Nakala moja nikampelekea Afisa Ardhi wa Wilaya.

Alikuja kwenye mkutano wa kijiji asubuhi, makala ikiwa kwapani. Kabla ya kuketi aliutembea ufukwe wote, akikwepa kukanyaga palipofagiwa. Aliporudi alisema, "Hapa si mahali patupu. Mwekezaji atafutiwe kwingine." Mama Ndimbo alilia mbele ya watu wote. Nami nililia, sioni haja ya kuficha.

Baadaye nikawa mhadhiri mwandamizi, kisha mkuu wa idara, ingawa mwavuli sikununua. Wanasheria vijana wa vyuoni siku hizi wanaandika kuhusu mitandao na siri za watu zilizomo ndani ya simu. Nawasoma kwa raha kabisa, japo wengine tanbihi zao ni ndefu kuliko safari zao. Niliwapenda wanafunzi wangu, na kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kuwaambia.

Nilipostaafu nilirudi Maguu kwenye mibuni ya baba. Mwezi haukuisha nikateremka ziwani. Mama Ndimbo sasa anatembelea fimbo, lakini utani haujamwisha. Alinishika mkono, akaniongoza hadi kwenye kipande cha mchanga kilicho kando ya chake. Hakikuwa na kichanja wala samaki, ila alama za ufagio za asubuhi ile.

"Hiki cha nani, mama?"

"Chako, Mwalimu."

"Mimi? Sijawahi kuanika hata usipa mmoja."

"Ulikuwa safarini," alisema. "Nikawa nakifagia."