Asubuhi Mpira wa Tumpe Ulipoganda

Tumpe alianguka na ndoo akipanda kutoka bondeni, nyonga ikavunjika. Alipopona akaapa kwamba kichwa chake hakitabeba maji tena. Akavuta mpira mweusi wa maji kutoka chemchemi ya juu mpaka uani kwake, huku milimani Uporoto. Miaka yote shingo za wanawake ndizo zilizokuwa mabomba ya kijiji, na hakuna aliyeona ajabu!

Mwezi wa saba umande ukaanza kuganda. Tumpe akaufukia mpira kwa tuta, kama anavyofukia viazi, na sehemu inayopanda hadi kwenye koki akaizungushia nyasi na magunia. Jioni baridi ilipong'ata masikio, akaiacha koki idondoshe kidogo kidogo ndani ya ndoo, maji yasilale mpirani yakaganda.

Jirani yake Saulo, mwenyekiti wa kamati ya maji, akapita akasikia to, to, to. Huku koki inayodondosha ni aibu ya nyumba nzima. Akaikaza kwa mikono miwili, akaenda zake ameridhika.

Kulipokucha shamba lote lilikuwa jeupe. Tumpe akafungua koki. Kimya.

"Jana ulisahau kufunga, mama, nikakusitiri," Saulo akasema kutoka ng'ambo ya ua.

"Umenisitiri kwa kuniua, mwenyekiti! Maji yakitulia yanaganda. Mpira ukipasuka, utanibebea ndoo wewe?"

"Basi nilete mabua, tuwashe moto hapo chini..."

"Uyeyushe mpira? Washa suruali yako! Nichemshie hayo ya kwenye ndoo, ulete na matambara."

Tumpe akaing'oa koki, akaanza kubandika matambara ya moto kwenye mdomo wa mpira, akishuka taratibu. Saulo akakamua, yeye akabandika.

Kitu kikasogea. Kikachomoza kijiti cha barafu, cha mviringo, king'avu kama kioo, na ndani yake unyasi mmoja wa kijani umelala, haujakunjika hata kidogo. Kikamtelezea kiganjani. Saulo akavua kofia.

Tumpe akakishika kwa vidole vyote. Maisha yake yote maji yalimlemea utosini, yakimwagika, yakimtoroka. Leo yamesimama mkononi mwake kama fimbo.

Nyuma ya kijiti maji yakafoka, yakamlowesha miguu. Hakusogea.

"Mwenyekiti," akasema baadaye, "leo jioni ukisikia inadondosha?"

"Nitapita kama kiziwi, mama."