Nchi Inayovuna Mara Mbili

Sisi tuliokulia Hombolo, Dodoma, kabla simu hazijaingia kila mfuko tulikuwa na hakika na mambo machache, na tuliyashikilia kama imani. Tulijua upepo wa Julai unapasua midomo hata ukiipaka mafuta ya alizeti. Tulijua ugali wa uwele hauna haraka, unataka mlenda na nafasi ya kukaa. Tulijua mwalimu wa zamu anaweza kukusamehe ukichelewa, lakini hakusamehe ukisahau ndoo ya maji. Na tulijua, ingawa hakuna mtu aliyetufundisha, kwamba nchi yetu ni tajiri, kwa sababu zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Nacheka nikiandika hivi. Wadogo zangu wa siku hizi wangenicheka zaidi. Ukikaa nao barazani kwangu mjini, Nzuguni, hawamalizi dakika tano bila kuwataja watu wa ng'ambo wanaowaita "wenzetu". Wenzetu treni yao haichelewi. Wenzetu maji ya bomba wanakunywa hivi hivi. Wenzetu mtoto wa miaka sita anatengeneza roboti. Juzi nilimuuliza mmoja wao, "Wewe uliyekaa hapo tangu asubuhi, umetengeneza nini?" Akaniambia, "Dada, mazingira hayaruhusu," akaendelea kuangalia simu iliyotengenezwa na wenzetu.

Sisi utotoni hatukuwa na wenzetu wengi. Dunia yetu ilianzia bwawani, tulikokwenda kutazama perege wakitolewa kwenye nyavu, ikaishia shuleni. Tukitoka darasani tulikwenda kuamia ndege kwenye mashamba ya uwele, kila mtu na debe lake bovu, tukipiga kelele mpaka sauti zikauke. Jioni wasichana tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ukuta wa miti na udongo, paa la udongo bapa kama meza. Kitabu cha darasa la nne kilikuwa na picha mbili, nyumba bora na nyumba duni, na ile duni ilikuwa yetu kabisa, ilikosa tu mbuzi wetu mlangoni. Nilimuuliza mwalimu, "Kama ni duni, mbona mchana humo ndani kuna ubaridi kuliko humu darasani kwenye bati?" Nilisimama kwa mguu mmoja mpaka kengele. Nyumbani baba alinipa jina la Bi Mbona, na mpaka leo akipiga simu ananiita hivyo.

Uwele ulikuwa wa baba. Zabibu zilikuwa za mama. Aliipanda mizabibu yake mwaka alioolewa, kwa pingili alizozibeba kichwani kutoka shambani kwa mama yake, na kila mstari aliuita kwa jina la mtoto wake au la ndugu yake. Wangu ulikuwa wa tano, karibu na njia. Ada zetu, sare zetu, viatu vya Krismasi vya kaka Lameck, vyote vilitoka mle.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, mnunuzi hakuja. Alikuwa mtu mmoja wa mjini, tukimjua kwa lori lake la bluu tu. Kila msimu alisimama barabarani, akataja bei, watu wakaguna, kisha wakauza. Msimu ule zabibu ziliiva, mama akakata za kwanza akazipanga kwenye matenga, tukakaa kivulini tukisikiliza injini. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili matenga yakaanza kuvuja maji chini. Siku ya tatu nyuki walijaa shambani na harufu ya siki ikatufikia hadi nyumbani. Wengine waliuza kwa bakuli kwa abiria wa magari yaendayo mjini, lakini kijiji kizima kilikuwa na bakuli mkononi, na abiria walikuwa wachache.

Baba hakupiga kelele. Alikwenda kuchukua sururu.

"Nang'oa," alimwambia mama. "Msimu ujao hapa napanda alizeti. Alizeti ikikosa mnunuzi unaiweka kwenye gunia."

Mama alikuwa anakung'uta kanga yake. "Baba Lameck, ukianza kung'oa, anza na mimi."

"Wewe huozi kwa siku tatu."

"Na wewe huzai mara mbili kwa mwaka. Iache mizabibu yangu."

Tulicheka kwa kuziba midomo, maana haikuwa siku ya kucheka. Baba aliegemeza sururu ukutani na kusema anaipa mizabibu mpaka Jumapili. Ilikuwa Jumatano. Nilihesabu siku kwa vidole, nikauendea mstari wangu wa tano, nikausimamia kama mtu anayemlinda mgonjwa.

Ijumaa alikuja Babu Pietro. Alikuwa mkulima mzee kutoka Italia, mjomba wa padre wetu, aliyekuja kumtembelea mpwa wake. Aliposikia kwamba huku kuna zabibu alikataa kukaa parokiani. Alizunguka mashambani na katekista, aliyekuwa amejifunza Kiitaliano kidogo kwa kukaa na mapadre miaka mingi. Alikuwa na kofia ya majani na mikono minene yenye nyufa kama ya baba. Tulimpigia shikamoo kwa pamoja, naye akainama na kutujibu kwa heshima zote, "Shikamoo!" Mzee mzima anatuamkia sisi! Lameck alianguka chini kwa kicheko. Mimi niliitikia "marahaba", nikapigwa kofi la mgongo na mama.

Babu Pietro alishika mzabibu, akakwaruza gome, akanusa, akauliza jambo. Katekista akatafsiri: huvunwa mwezi gani? Mama akamwambia Machi, na tena Septemba.

Mzee akageuka. Akainua vidole viwili, kama asiyeamini. Mama akaitikia kwa kichwa: ndiyo, viwili. Mzee akajipiga kifua, akainua kidole kimoja. Kwao ni mara moja. Baada ya hapo, katekista alieleza, inakuja baridi, barafu inaanguka kutoka mbinguni, na mizabibu inabaki mifupa mitupu miezi mingi.

Sisi watoto tulitazamana. Kumbe!

"Masikini," mama alisema, na alimaanisha kabisa. "Mara moja tu? Na watoto wanakula nini? Pole sana mzee wangu." Akamgeukia Lameck. "Lete tenga lile zuri. Huyu asiondoke mikono mitupu."

Nimesoma uchumi chuo kikuu hapa Dodoma, nimekaa kwenye mihadhara ya maendeleo iliyojaa michoro ya nchi tajiri na nchi maskini, na sijawahi kuona mchoro wenye mama yangu, siku mbili kabla ya shamba lake kung'olewa, akimpa pole Mwitaliano na kumfungia zabibu za njiani.

Lakini hesabu ilinikataa kichwani. Nikasogea mbele.

"Mbona kama sisi tunavuna mara mbili na yeye mara moja, yeye ndiye aliyekuja kwa ndege?"

"Neema!" baba aliniita.

"Nauliza tu."

"Mdomo wa huyu mtoto utatuletea polisi."

Katekista alikohoa, akatazama viatu vyake. Mzee akamgusa bega, akataka kujua nimesema nini. Alipotafsiriwa alicheka hadi akavua kofia na kujifuta macho. Kisha akaketi kwenye jiwe pale pale shambani, akanijibu kama mtu mzima. Nimekutana na maprofesa wachache waliowahi kunifanyia hivyo.

Alisema utotoni mwake nyumba yao haikuwa na maji. Kaka zake wawili walipanda meli kwenda kutafuta kazi nchi za mbali, na mmoja hakurudi. Siku ya mavuno mnunuzi alikuja na mkokoteni, akataja bei aliyotaka, na baba yake akaipokea kwa sababu zabibu zilikuwa zinavuja. Hapo baba yangu aliinua kichwa. Kisha, mzee akasema, watu wa kijiji chao walijenga ghala moja la wote. Waligombana miaka kadhaa kabla ya kuweka tofali la kwanza, na mingine baada ya la mwisho. Sasa zabibu zinaingia ghalani siku ile ile zinapokatwa, zinakamuliwa, mchuzi wake, yaani ile juisi, unakaa kwenye mapipa hadi uwe divai. Mnunuzi akichelewa, wao wanakula chakula chao wanalala.

"Sisi hatuuzi zabibu," katekista alimalizia tafsiri. "Tunauza kitu kinachoweza kusubiri."

Ukubwani nilikuja kujua kwamba Babu Pietro hakuniambia yote. Hakusema kwamba serikali yao huwashika mkono wakulima bei ikianguka. Hakusema barabara na umeme vilifika kijijini kwao kabla yeye hajaota ndevu, na kwamba ghala bila umeme ni kibanda tu. Hakusema lolote kuhusu nchi zilizotawaliwa na nchi zilizotawala. Mtu akiniambia kwamba wao wameendelea kwa sababu wana bidii na sisi tuko nyuma kwa sababu ni wavivu, namkumbuka mama na ndoo zake za maji alfajiri, na mjadala unaishia hapo. Hata hivyo, neno lile moja la mzee sijaweza kulipinga, na nimejaribu.

Mama yeye hakusubiri chuo kikuu. Mzee alipoondoka na tenga lake, mama alibaki amesimama katikati ya mistari, mkono kiunoni.

"Kusubiri," alisema peke yake. "Mbona mlenda nausubirisha mwaka mzima?"

Alikuwa anasema kitu ambacho kila mama wa Kigogo anakijua. Masika majani ya mlenda ni mengi, huchumwa, huanikwa juani, husagwa, na kiangazi chote watu wanakula. Jumamosi nzima tulikata zabibu ambazo hazijapasuka, tukapanda nazo juu ya paa la tembe na kuzitandaza kwenye mikeka. Lile paa la nyumba duni. Baba alitutazama kutoka chini, sururu mkononi.

"Mnaanika zabibu kama mboga?"

"Shika ngazi," mama akamjibu.

Zilikaa juani mpaka Jumapili ikapita, na hazikutoka vizuri. Kuku walipanda, upepo ukaleta vumbi, na nusu ya mkeka mmoja ilichukuliwa na nyuki. Zilizobaki zilikunjamana, nyeusi, za kunata. Baba alitupa moja mdomoni, akatafuna, tukasikia mchanga ukilia menoni. Akatema mchanga, akameza zabibu.

"Haijaoza," alisema.

Hakuacha kung'oa kabisa. Alichukua mistari minne ya upande wa juu akapanda alizeti, kulinda heshima yake nadhani. Wangu wa tano ulibaki, na yote iliyoufuata.

Leo mama ana wenzake kumi na mmoja katika kikundi cha kukausha zabibu. Wana vichanja vya wavu vilivyofunikwa kwa nailoni, kuku wasifike, na mwaka juzi walipata mashine ndogo ya kukamua mchuzi. Umeme hukatika, na wakikutana hugombana mpaka mwenyekiti anatishia kujiuzulu. Nikisikia hivyo natulia, maana kwa maelezo ya Babu Pietro ndivyo ghala linavyoanza. Mimi nachukua pakiti za zabibu kavu na kuziuza mjini, Ipagala na kwenye maofisi. Watumishi wa serikali waliohamia kutoka Dar es Salaam wananiuliza kama zimetoka Afrika Kusini. Nikiwaambia Hombolo, wanageuza pakiti kutafuta uongo.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani na kumkuta baba ameinama kwenye ule upande wa alizeti, anachimba mashimo. Pembeni kulikuwa na pingili zimefungwa kwa gunia lenye maji.

"Mbona unapanda zabibu, baba? Huku si kwenye alizeti yako?"

"Bi Mbona, badala ya kuuliza, leta maji."

Nilileta. Watoto wa jirani walipita njiani, wakanyoosha mikono kwenye mstari wa karibu, na mama akawafukuza kwa sauti niliyoitumia mimi kufukuza ndege. Waliondoka wananung'unika, vichala viwili tu mkononi. Nikakumbuka wiki ile ya lori lisilokuja. Tulikula zabibu kuliko watoto wa mfalme yeyote, tukilala chini ya mizabibu, tukidonoa punje kwa mdomo bila kutumia mikono, na hakuna mtu mzima aliyetukataza. Sijawahi kushiba vile tena, na kuna siku naitamani wiki ile mpaka mate yanajaa. Kisha nawaona mama na baba walivyokaa kivulini siku zile wakituangalia tukila. Watoto wa leo hawatapata karamu kama ile. Niliwatazama wakipotelea njiani, nikafurahi kwa niaba yao.