Yai Moja, Watoto Wawili

Miaka ya hamsini, nikiwa shule ya wasichana Iringa, mwalimu alileta mayai ya chura kwenye bakuli, akatupanga mstari tuchungulie kwa hadubini. Yai moja likafanya mfereji katikati, likawa mawili, baadaye manne. Akasema kuku huanza hivyo, ng'ombe hivyo, na sisi pia. Ikitokea zile nusu za mwanzo zikaachana, kila moja hukua mtoto kamili. Ndio mapacha wanaofanana.

Likizo nikarudi kwetu, milima ya kusini mwa Mbeya, nikamkuta mama anaishi nje. Alikuwa amejifungua mapacha wa kike wanaofanana. Sisi Wanyakyusa wakati ule tuliwaogopa mapacha: mganga asipoiosha familia kwa dawa, miguu ya ndugu itavimba, ng'ombe watakauka maziwa. Mpaka aje, wazazi wote wawili hukaa kando. Lakini baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakumwita mganga, maana kanisa lingemtenga. Wala hakumruhusu mama kuingia ndani, kwa kuhofia ng'ombe wake. Baba mwenyewe akalala ndani kama kawaida, mama akabaki na vichanga kwenye kibanda cha majani ya migomba, mvua ikinyesha. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mtoto mmoja akaanza kukohoa. Nikamfuata baba, nikamweleza yote ya mayai. Alinisikiliza vizuri sana.

“Kwa hiyo lilikuwa yai moja?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi aliyekusudiwa ni mtoto mmoja.”

“Hapana, baba, wote ni kamili. Hakuna cha kuogopa. Mwingize mama ndani, mtoto anakohoa.”

“Nimekusikia, mwanangu. Nitafikiri.”

Akafikiri mpaka mtoto akafa. Siku ileile mama akaingizwa ndani, kwa sababu hapakuwa na mapacha tena wa kuogopwa.

Majirani walipokuja kutupa pole, baba alisali, kisha akawaambia wasilie sana.

“Binti yangu amesoma,” alisema. “Ametueleza kwamba hawa walikuwa mtoto mmoja tu. Na mtoto tunaye.”

Wakaitikia, wakanitazama kwa heshima. Mama alikuwa ananyonyesha ziwa moja, maziwa ya lile jingine yakilowesha kanga yake, na hakuinua macho kunitazama.