Kizibo cha Mwisho wa Waya

Protase wa Rubya hakuwa fundi wa porojo. Mwaka 1998 alitufungia kompyuta tatu katika ofisi ya shirika letu pale Muleba, akaziunganisha kwa waya mmoja mweusi, na kwenye kila ncha ya waya akakaza kizibo kidogo cha chuma. "Kizibo kimoja kikifa, zote tatu haziongei," alisema. "Mtandao ukigoma, usikimbilie kufungua mashine. Tazama umeme, kisha waya, kisha ncha. Na useme unachokiona, siyo unachokitaka."

Mimi Felicitas, mpiga chapa, nilimcheka. Fundi gani anafundisha kama katekista!

Halafu akaanza kukonda. Miaka ile, kwetu Kagera, ukikonda tu watu wamekwisha kukuzika kwa macho. Mkuu wetu, Mzee Rugaibula, akaniamuru nipanguse kwa maji ya klorini kila alichogusa Protase. Nilipangusa, jamani! Kibodi, waya, vizibo, hata kiti chake. Niliyamwaga maji yale kana kwamba naosha choo. Niliogopa, na sitaki kujipamba hapa: nilimwonea kinyaa pia.

Baada ya wiki tatu mtandao ukafa. Nikainama nyuma ya meza yangu, nikakuta kizibo kimeota kutu ya kijani. Mawe, mama yangu! Ni mikono yangu hiyo. Nikakisukuma tena nyuma ya meza.

Protase alipoitwa, Mzee Rugaibula hakumruhusu kuvuka kizingiti. "Simama hapo hapo mlangoni. Felicitas atafanya, wewe elekeza. Mtandao ukipona leo, unabaki na kazi yako. Usipopona, rudi kwenu Rubya ukapumzike."

Kupumzika! Mtu wa miaka thelathini na mbili! Kazi ile tu ndiyo iliyofanya bado aitwe fundi na siyo mgonjwa.

Akashika mwimo wa mlango, akaanza.

"Umeme upo?"

"Upo."

"Waya umekatika mahali?"

"Haujakatika."

"Kizibo cha nyuma ya meza yako, dada. Kizungushe ukitoe. Kisafi au kina kutu?"

Nilikuwa nimekishika. Kilishanipaka ukijani vidoleni. Mzee Rugaibula alikuwa mezani kwake akitazama saa, nami nikaiona kazi yangu inaondoka. Nikasema kwa heshima ya kwetu, "Kisafi kabisa, waitu."

Harufu ya klorini ilikuwa imejaa hadi mlangoni. "Kisafi?" akauliza tena, polepole.

"Kisafi."

Basi akanipitisha kwenye kadi na mipangilio, mashine moja baada ya nyingine, kwa saa mbili nzima, amesimama, jasho linamtiririka. Kila kitu kilikuwa kizima. Mtandao haukuamka.

"Inatosha. Nenda," alisema Mzee Rugaibula, akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango.

Protase alivaa kofia yake. "Dada," akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "kwenye droo yangu kuna kizibo kipya. Badilisha hicho ulichoshika. Na siku nyingine ukipangusa, ukaushe."

Nilingoja afike barabarani ndipo nikabadilisha. Dakika moja haikuisha, mashine zote tatu zikaanza kuongea.

Mzee Rugaibula alitoka akicheka, akanipiga bega. "Umeona? Ugonjwa umeshamla hadi akili! Kuanzia leo fundi ni wewe. Kipanguse kiti chake, ukikalie."

Dirishani nilimwona Protase amekaa juu ya jiwe, anangoja gari la kwenda Rubya. Angenisikia kama ningemwita.

Nikaenda kuchukua ndoo ya klorini.