Mkutano Ulioshuka Ngazi

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, ukungu ule wetu wa Bukavu unaopanda kutoka ziwani asubuhi na kuzimeza rasi zote, hata mtu wa Kadutu, kule juu mlimani, akitazama chini anadhani mji umeondoka. Vita vilikuwa havijaisha, ijapokuwa wakubwa walikuwa wamekwisha kutia sahihi mapatano ya amani mbali huko. Jioni bado tulisikia risasi upande wa milimani, na leo barabara ya Walungu ilipitika, kesho imefungwa. Lakini redio ilikuwa imeanza kusema neno jipya: katiba. Nchi ingeandikiwa sheria yake kuu, na kila mkoa ulitakiwa kutoa mawazo.

Nilikuwa msichana wa magongo. Polio ilinichukua miguu kabla sijajua kutembea, na nilisoma kwa sababu mama alinibeba mgongoni kwenda shule mpaka nilipomshinda uzito. Jumapili, baada ya misa, sisi wenye ulemavu tulikutana katika banda nyuma ya kanisa: washonaji, watu wasiosikia, wanawake waliokatwa mguu kwa mabomu yaliyofukiwa mashambani. Aliyetuongoza ni Papa Mugisho, yaani Baba Mugisho, mzee asiyeona, katekista wa zamani kutoka kijiji cha Mumosho. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Ili umsikie ilikubidi usogee karibu, na ukisogea ulijikuta umetulia.

Tulibishana muda mrefu. Wengine walitaka tuseme serikali itusaidie. Papa Mugisho hakukubali.

"Musaada ni siku bakubwa bako na roho nzuri," alisema. "Siku roho inabadilika, unabaki bure. Tuombe haki."

Mwishowe tukaafikiana: tuhesabiwe raia sawa na wengine, na tuwepo mahali maamuzi yanapofanyika. Basi asubuhi ile ya ukungu tulikwenda kwenye mkutano wa kukusanya mawazo ya mkoa yapelekwe Kinshasa. Tuliteremka polepole, baiskeli za mikono za wenzetu wasioweza kutembea zikilia mbele, watu wakitokea ukunguni na kupotea tena. Hata leo sijui kama niliiona njia ile au niliiota.

Tulipofika tukakuta ukumbi uko ghorofani, na ngazi yake ya saruji ni nyembamba. Baiskeli zikasimama chini.

Mwanasheria aliyeongoza mkutano alishuka kutupokea. Alikuwa mtu mwema, nakwambia kweli.

"Papa, panda wewe, useme kwa niaba ya bote," alisema. "Na huyu dada tutamubeba."

Nilikuwa nimekwisha kuegemeza magongo yangu ukutani. Niliogopa mlango utafungwa na nchi itaandikwa bila sisi. Papa Mugisho alisikia magongo yakigusa ukuta.

"Furaha, unafanya nini?"

"Bananibeba, Papa. Tusipoingia, batatusahau."

"Mama yako alikubeba sababu ulikuwa mutoto. Leo umekuja hapa kama nani?"

Niligeuka nyuma. Ndugu wenye baiskeli walikuwa wananitazama, na nikaelewa kwamba nikipanda mgongoni mwa mtu, wao watabaki pale chini.

"Kama raia," nikasema.

"Basi chukua magongo yako."

Akamgeukia mwanasheria, akamwita kwa jina la heshima la mawakili. "Maître, mimi naweza panda. Miguu yangu iko nzima. Lakini nitabaki na benzangu mpaka mukutano ushuke."

Mwanasheria alishusha sauti. Alisema saa zimekwenda, tena askari hawapendi kuona watu wamekusanyika nje.

"Batuone," alisema Papa Mugisho, akaketi kwenye jiwe.

Tulingoja. Juu, vichwa vilitokea madirishani vikarudi ndani. Nilidhani tumepoteza kila kitu. Kisha mama mmoja muuza vitenge akashuka, kiti kichwani, akakiweka kando yangu, akakaa. Nyuma yake akaja mwingine, halafu benchi zima likiwa limeshikwa na watu wawili, halafu mwanasheria mwenyewe na meza yake. Viti viliteremka vikiingia ukunguni kimoja kimoja, mpaka uani pakajaa. Askari wawili walisimama langoni, bunduki begani. Hakuna aliyeinuka. Wakasikiliza kidogo, kisha wakaenda zao.

Nikasimama kwa magongo yangu nikayasema maneno yetu. Mikono ikainuliwa, yakapita.

Katiba ilipokwisha kupigiwa kura, nilimsomea Papa Mugisho kifungu kinachotutaja. Kilisema serikali ina wajibu wa kuhimiza uwepo wa wenye ulemavu katika taasisi za taifa, za mkoa na za mitaa.

"Bameandika wajibu?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa. Wajibu."

Akacheka taratibu, peke yake, kwa muda mrefu. Sijui kama ni sauti yetu ndiyo iliyofika. Pengine wengi waliomba hivyo hivyo. Na ngazi bado zipo, mwanangu. Ofisi ngapi za mji huu sijawahi kuingia mpaka leo.

Kwa hiyo nakuambia wewe uliye kijana. Usikubali kuingia peke yako mahali wenzako wamezuiwa, hata ukikaribishwa kwa upole. Usione haya kuwangojesha wakubwa. Na wewe mwenye miguu mizima, kabla hujaitisha mkutano, tazama mlango, uulize nani hataweza kuupita. Sheria nzuri tunayo. Iliyobaki ni kazi ya kuidai kila siku, bila matusi na bila kuchoka.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kinywa kisichoogopa na moyo usiomwacha mtu nyuma, na uzee wako ukukute katika nchi yenye amani.