Pipi Tatu za Fundi wa Mapaa

Ofisini walimwita Bi Nafasi, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za madaktari zilizorekodiwa na kuziandika kwenye mafaili ya wagonjwa. Jina la dawa asipolisikia sawasawa, habahatishi: anaacha nafasi, anaipigia mstari mwekundu, anainua simu. Haidralazini ni ya presha, haidroksizini ni ya kuwashwa, na daktari mwenye haraka huzimung'unya zote mbili zikawa kitu kimoja. Wenzake walimcheka, eti anaandika mapengo mengi kuliko maneno. Wacha wacheke! Miaka kumi na tisa, hakuna faili lake lililorudishwa.

Asubuhi moja alipata sauti ya daktari wa upasuaji, mgeni mjini. Mgonjwa wake, fundi wa mapaa aliyevunjika nyonga, alikuwa apasuliwe saa nane mchana. Mwishoni daktari akagusia tu kwamba mgonjwa anasema halali bila pipi tatu.

Msimamizi akachungulia, akaamuru neno hilo la kitoto liondoke. Iandikwe mgonjwa anapenda vitu vitamu. Hapo Bi Nafasi, aliyezoea kutulia kama maji mtungini, akagoma. Neno la mgonjwa, alisema, linaandikwa lilivyotoka kinywani. Akaliacha "pipi" ndani ya alama za kunukuu, na mbele yake nafasi: dawa gani? Akapiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena, na tena. Ilipofika saa saba na nusu, mama wa watu akavua viatu, akazipanda mbio ngazi za ghorofa tatu hadi chumba cha upasuaji, pekupeku, na unene wake ule.

Alimkuta daktari ananawa mikono. Akamweleza huku anahema kwamba pipi za mtaani si peremende, ni vidonge vya usingizi, na ukiongeza nusukaputi juu yake mtu anaweza asiamke.

Daktari akaenda kumuuliza fundi. Kweli bwana, tena alikuwa ameshameza mbili alfajiri, kutuliza woga. Upasuaji ukaahirishwa kwa siku kadhaa, na baadaye fundi akatoka wodini kwa magongo, anatembea.

Daktari alishuka mwenyewe kumshukuru Bi Nafasi. Akamuuliza neno lile amelijulia wapi.

"Marehemu kaka yangu alikuwa mla pipi," alisema. "Faili lake liliandikwa vizuri sana, Daktari. Halikuwa na hata nafasi moja."