Boti ya Ulysse Bila Mihimili

"Nanan, kama unamchukia hivyo, mbona umemtengenezea boti nzuri namna hii?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu. Nanan Verdine, maana huku kwetu mama wa ubatizo huitwa Nanan, alinipangusa uso kwa kitambaa chake cha kazi kilichojaa vumbi la faiba, zile nyuzi za kioo za kujengea boti, nikajikuna hadi usiku. Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Aliyechukiwa ni Ulysse Dardar, binamu wa marehemu mume wake. Ulysse ndiye aliyeijenga boti ambayo mume huyo, Clovis, aliitumia kuvulia kamba. Kwa nje ilikuwa faiba inayong'aa. Ndani, chini ya sakafu, ilishikiliwa na mihimili minne ya mbao iliyolala toka mbele hadi nyuma, na juu ya mihimili hiyo ndipo injini ilipofungwa. Mbao ikivishwa faiba vizuri pande zote, maji hayaipati. Lakini Ulysse alikuwa na haraka zake. Alitoboa matundu kwenye mihimili ili maji ya chini yapite kwenda kwenye pampu, akayaacha hivyo hivyo, mbao tupu, hakuyapaka kitu. Mbao ikawa inakunywa maji taratibu, mwaka baada ya mwaka, na kwa juu hakuna aliyeona chochote.

Siku moja, kwenye mlango wa ghuba, mawimbi yakiwa ya kawaida tu, mihimili ikakatika. Injini iling'oka ikamponda Clovis nyonga. Alipofikishwa nchi kavu, Ulysse alikuwa wa kwanza kufungua mdomo pale gatini.

"Masikini binamu yangu. Pombe tu hiyo. Kagonga kisiki."

Neno likaenea kijiji kizima. Manahodha wakaacha kumpa Clovis kazi, hata ya kushona nyavu. Baada ya miaka michache akafa, na kwenye mazishi yake kuna mama mmoja aliyenong'ona, "Chupa hiyo."

Verdine alisikia.

Boti ile aliipasua mwenyewe kwa msumeno. Mihimili ilichoteka kwa mkono, myeusi, laini kama machicha ya kahawa. Akaapa kwamba hataingiza mbao tena ndani ya boti maisha yake yote. Akajifunza kazi ya povu, lile povu gumu la mabamba ambalo hata likikaa majini mwezi mzima hutoka kama lilivyoingia. Unalikata umbo la mhimili, unalilaza, unalivisha faiba tabaka juu ya tabaka. Povu linashika umbo tu. Nguvu yenyewe iko kwenye faiba. Watu walimcheka, wakamwita fundi magodoro. Halafu sakafu za boti zao zikaanza kubonyea miguuni, wakaacha kucheka, wakaja.

Na Ulysse akaja.

Ilikuwa katikati ya Kwaresima. Boti yake, aliyoijenga mwenyewe na ambayo kila mwaka ndiyo humbeba padri siku ya kubariki boti, ilikuwa inabonyea kama keki.

"Shemeji," alisema, kofia mkononi, "nasikia siku hizi unajaza boti magodoro."

"Na mimi nasikia siku hizi unasimama juu ya mbao mbovu, shemeji. Ilete."

Sasa, kila fundi wa huku anajua jambo moja: mihimili haitolewi yote kwa mpigo. Unatoa mmoja, unaweka mpya, unasubiri ukauke, ndipo unagusa wa pili, kwa sababu bila mihimili hiyo si boti tena, ni ngozi tu. Verdine alianza kwa kuilaza juu ya vitanda vya mbao alivyovichonga kufuata umbo la tumbo la boti, kimoja karibu na kingine, ikatulia kama yai kwenye trei. Kisha akashika grenda, mashine yake ya kukatia. Akatoa wa kwanza. Akatoa wa pili. Wa tatu. Wa nne. Katika kila mmoja alikuta matundu yale yale, wazi, hayajapakwa kitu. Kumbe jamaa hakujihurumia hata yeye mwenyewe.

Ulysse alipokuja kuchungulia, alipanda ngazi, akaganda.

"We mwanamke! Umetoa yote?"

"Yote."

"Yote minne?"

"Hesabu unaijua, shemeji. Basi bila shaka unakumbuka pia ulichosema siku ile gatini."

Uso ukambadilika. "Naichukua boti yangu. Nampelekea fundi mwingine."

"Ichukue. Lete kreni, mikanda nitakufungia mimi. Ikinyanyuliwa tu, inakunjika kama boksi lililonyeshewa. Siku hiyo uniite, nije na kiti."

"Unataka nini, Verdine?"

"Useme Clovis hakuwa amelewa. Useme mihimili ilioza, na wewe ndiye uliyeacha matundu wazi. Usiniambie mimi, mimi najua. Sema mbele ya watu."

"Mtu kashakufa. Itamsaidia nini?"

"Hilo lisikusumbue. Itanisaidia mimi."

Ulysse akatema mate chini, akaondoka. Verdine akafunga karakana, akapika maharage mekundu na wali, akala sahani mbili.

Siku zilizofuata majirani walikuja kuazima nyundo wasizozihitaji. Kila mmoja Verdine alimpeleka kwenye rundo la mihimili iliyotolewa. "Tia kidole hapo." Kidole kilizama. "Haya, sasa nenda kasimulie."

Siku ya kubariki boti ikafika, na padri akapanda boti ya mtu mwingine. Ulysse alisimama ukingoni na shati lake jeupe, boti zikipita na bendera zao, watu wakimpungia mkono kama wanavyompungia mgonjwa. Baadaye meza ndefu zikatandikwa magazeti, kamba wa mtoni wakamwagwa wakifuka moshi, na kijiji kizima kikaketi kula. Verdine alijiketisha mkabala na Ulysse. Akawa anavunja kamba, ananyonya kichwa, anamtazama. Anavunja mwingine, ananyonya, anamtazama. Msimu wa kuvua ulikuwa mlangoni, na asiye na boti hana msimu.

Mwisho Ulysse akasimama.

"Jamani. Kuhusu Clovis." Shingo zikageuka. "Siku ile... hakuwa amelewa sana."

"Rudia," Verdine akasema, mikono ingali kwenye kamba. "Hiyo 'sana' iondoe."

Mtu alicheka, akakanyagwa mguu chini ya meza.

"Hakuwa amelewa."

"Na kisiki?"

"Hakukuwa na kisiki."

"Na mihimili?"

Ulysse alikuwa mwekundu kuliko kamba waliokuwa mbele yake. "Ilioza. Niliacha matundu wazi. Ni mimi." Akaketi kama gunia.

Mwisho wa meza, yule mama aliyenong'ona mazishini akaanza kulia.

"Lia kwa nguvu, mama," Verdine akamwambia. "Makaburini ni mbali, asije akakosa kukusikia."

Kesho yake akaanza kazi. Alikata povu, akazichonga pembe zake ziwe mviringo ili faiba ilale bila kuacha uwazi, akaiweka mihimili yote minne kwenye gundi nzito, akaivisha tabaka nyingi kuliko alizowahi kuivisha boti ya mteja mwingine. Pale pa kufungia injini hakuweka povu. Alijaza faiba tupu, ngumu kama jiwe, kwa kuwa boliti kwenye povu ni kama msumari kwenye mkate. Matundu ya maji aliyatia vipande vya bomba, akaziba kingo zake. Ulysse aliizunguka boti akigonga kwa nyundo, akitafuta kosa. Alilitamani sana. Hakulipata.

Ndipo nilipouliza lile swali langu.

Sasa niko kidato cha tatu. Juzi tulikuwa gatini, mimi na Nanan, boti ya Ulysse ikaingia imejaa kamba. Nahodha mmoja mgeni akarukia ndani, akarukaruka juu ya sakafu, akapiga mluzi. Tukamsikia akimuuliza Ulysse kitu, na Ulysse akajibu akitazama viatu vyake.

"Uliwahi kuniuliza mbona niliitengeneza vizuri," Nanan akaniambia. "Ningeitengeneza vibaya angezama, wangemlilia, yakaisha. Hii haizami. Na kila mgeni akitaka kujua fundi ni nani, inambidi ajibu, ni mke wa Clovis. Atajibu hivyo mpaka afe."